Mama Alivyomwombea Aliyetuuzia Mafuta

Dada yangu mdogo alikuwa na miaka tisa alipofariki. Mimi nilikuwa na kumi na minne. Tulikuwa tukiishi Kibera, upande ule unaopakana na maghorofa ya Nyayo Highrise, katika chumba kimoja cha udongo na mabati ambacho baba alikipaka chokaa mwenyewe kwa ndani. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baba alikuwa fundi wa mawe, kazi ya leo ipo kesho haipo. Mama alikaanga mandazi alfajiri, akayatembeza asubuhi, akarudi mchana. Wote wawili walikuwa wametoka upande wa Ziwa Victoria, na nyumbani tuliongea Kijaluo. Mimi na dada tukiwa peke yetu tuliongea Kiswahili cha mtaani, hasa tukitaka mama asituelewe.

Milango mitatu kutoka kwetu kulikuwa na kibanda cha mbao, duka la mzee mmoja wa kanisa letu. Aliuza sukari, sabuni, majani chai, na mafuta ya taa aliyokuwa ameyaweka kwenye pipa nyuma ya mlango. Mama hakununua mafuta kwa mtu mwingine. Alisema afadhali ampe riziki yake mtu anayesimama naye madhabahuni. Na kweli alikuwa mtu mpole. Alijua majina ya watoto wote wa njia yetu, na dada yangu akitumwa kwake alirudi na peremende moja mdomoni na nyingine ameifumbata, yangu.

Wiki ile stovu yetu ilianza kuwaka vibaya. Moto ulipanda ghafla, ukashuka, ukapanda tena. Mama alibadilisha tambi, akailaumu stovu. Siku moja alisogeza chupa ya mafuta puani akasema mafuta ya siku hizi yana harufu ngeni, kisha akaiweka chini akaendelea kupika. Nakumbuka hilo kwa sababu nilikuwa nimeketi palepale, nikichambua omena, wale dagaa wa kwetu.

Jumamosi mama alitoka na ndoo yake ya mandazi kama kawaida. Aliniachia kazi mbili: nichote maji, na nimpikie chai atakaporudi. Alinikumbusha, kama alivyonikumbusha kila siku, kwamba stovu niwashe mimi, mdogo wangu asiiguse. Nikaitikia. Baba alikuwa kazini, kwenye viwanda vya Industrial Area.

Nilikuwa na rafiki ambaye mama yake alifanya kazi ya nyumba huko Highrise. Jumamosi wenye nyumba wakisafiri, yule mama alituruhusu tuketi chini sebuleni tutazame televisheni wakati yeye anafua. Rafiki alipita kuniita. Nilimwambia dada nakwenda mara moja tu, asitoke nje. Aliniuliza kama anaweza kuja. Nikamwambia hapana, wenye nyumba hawataki watoto wengi. Hilo halikuwa kweli. Sikutaka tu kutembea naye, kwa sababu angechoka njiani na ningelazimika kumbeba.

Nilikaa huko muda mrefu kuliko nilivyodhani. Dada yangu alipoona saa ya mama kurudi inafika na chai haijapikwa, aliamua kuipika yeye. Hakuna aliyemtuma. Nadhani alitaka kuniokoa nisigombezwe.

Niliporudi watu walikuwa wamejaa mlangoni kwetu. Jirani mmoja alikuwa amemvingirisha katika blanketi na kumkimbiza barabarani kutafuta gari, na mama, aliyefika wakati uleule, alikuwa amekwenda naye. Nyumba haikuungua yote kwa sababu wanaume waliwahi kutupa mchanga. Mtu fulani aliniuliza nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa kwenye foleni ya maji. Neno lilitoka lenyewe, na likishatoka halikurudi. Jioni baba aliniuliza, nikalirudia. Siku ya pili mama alipokuja kuchukua nguo za kubadilisha aliniuliza pia, naye nikamwambia hivyohivyo. Alinitazama, akachukua nguo, akarudi hospitalini.

Dada yangu aliishi siku nne. Nilikwenda kumwona mara moja tu, siku ya tatu. Nilisimama mlangoni mwa wodi nikashindwa kuingia. Niliona kichwa chake kilichofungwa bendeji, na mgongo wa mama uliokuwa umeinama karibu na mdomo wake, kana kwamba anasikiliza. Nikageuka nikamngoja baba nje, kwenye nyasi.

Hatukuweza kumsafirisha nyumbani. Tulimzika katika makaburi ya Lang'ata, hapohapo Nairobi, na kwa watu wa kwetu hilo ni jeraha juu ya jeraha, mtoto kulazwa katika udongo usiomjua. Kanisa zima lilikuja. Mwenye duka ndiye aliyeongoza wimbo kaburini. Alikuwa na sauti nzito, nzuri, na aliimba huku machozi yanamtiririka. Mama alimshika mkono akamshukuru.

Wiki mbili baadaye stovu ya mama mwingine, njia ya nyuma yetu, ilimlipukia. Yeye aliungua mikono tu. Vijana wakaanza kuulizana alinunua wapi mafuta, na wewe ulinunua wapi, na wale wa mlango huu je. Jibu lilikuwa moja. Wakaenda dukani, wakalifungua pipa, wakamwaga mafuta kidogo juu ya jiwe na kuyatupia kiberiti. Yalishika moto kwa mlio. Hata sisi watoto tulijua mafuta ya taa hayawaki vile. Yalikuwa yamechanganywa na petroli.

Baba alipopata habari alikuwa ndio kwanza anarudi kutoka kazini. Alichukua nyundo yake ya mawe akatoka nayo, na mama akamfuata, nami nikamfuata mama. Mbele ya kibanda kulikuwa na umati. Mwenye duka alikuwa amejifungia ndani. Kijana mmoja alikuwa tayari ameshika kitambaa chenye mafuta, na watu walikuwa wakimsubiri baba, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kwanza.

Mama alipita katikati ya watu akasimama kando ya baba. Hakupaza sauti. Alisema kibanda kile kimeshikana na nyumba kumi, na ndani ya nyumba hizo kuna watoto.

"Mkichoma hapa, kesho tutazika nani mwingine?" aliuliza.

Kisha akamshika baba mkono, si ule wenye nyundo, ule mwingine, akamrudisha nyumbani kama mtu anayemwongoza kipofu. Umati ulikaa kidogo ukatawanyika. Polisi walikuja baadaye, wakauliza maswali, wakaondoka, na sikusikia kesi yoyote. Mwenye duka alihama mtaa wiki ileile pamoja na mke na watoto wake. Hakuaga kanisa.

Siku iliyofuata kuhama kwao, saa nane mchana, mama alipiga magoti kando ya kitanda akaanza kuomba. Nilikuwa ndani. Nilidhani anaomba kwa ajili ya dada yangu, mpaka nikasikia jina la mwenye duka. Akamtaja mkewe, akawataja watoto wao wote, kila mmoja kwa jina, akiomba wapate mahali pa kulala. Nilisimama nikatoka nje nikaubamiza mlango.

Aliendelea hivyo kila siku. Saa nane ilikuwa saa yake, mandazi yakiwa yameisha na baba hajarudi. Mtu akiwa ndani, alimwacha awe ndani. Nilijifunza kutokuwepo. Nikisikia tu ameanza na jina lile, nilishika njia, na kwa hiyo miaka yote ile sikuwahi kusikia maombi yale yanaishia wapi.

Baba naye aliacha kanisa. Hakugombana na mtu. Jumapili moja hakuvaa koti lake, na iliyofuata pia hakulivaa. Mama hakumlazimisha. Ila aliwahi kumwambia mama, mimi nikisikia, kwamba yeye hawezi kumwomba Mungu ambariki mtu yule, na kama hilo linamfanya kuwa mtu mbaya basi ni sawa. Mama akamjibu kwamba hata yeye hawezi. Ndiyo maana anapiga magoti, alisema. Angekuwa anaweza angekuwa anaomba akiwa amesimama.

Mimi nilimchukia yule mtu kwa bidii. Sijawahi kufanya kazi nyingine kwa bidii kama ile. Kila nikimkumbuka dada, nilimkumbuka yeye mara moja: sauti yake kaburini, peremende zake. Nilipenda watu waliomlaani mbele yangu. Wasichana wenzangu walipokosa la kusema nami, walimtukana yeye, na nikajisikia nimependwa. Leo najua kwa nini. Kadiri yeye alivyokuwa na hatia kubwa, ndivyo foleni yangu ya maji ilivyokuwa kitu kidogo, kisichostahili kuulizwa.

Mwaka ule haujaisha tulihamia Kawangware, upande wa Gatina. Mama alisema hawezi tena kupita pale mlangoni. Tulipanga chumba katika ploti ya mama mmoja mzee, Mkikuyu aliyezaliwa hapohapo wakati Kawangware ilikuwa mashamba. Vyumba vilizunguka uwanja mdogo wenye bomba la maji katikati, na yeye aliketi kando ya bomba siku nzima akichambua maharagwe na kuona kila anayeingia. Sote tulimwita shosho, yaani nyanya. Mwanzoni hakutaka wapangaji wa kutoka kwetu, alisema hivyo waziwazi, lakini baada ya kumwona mama akipiga magoti saa nane alinyamaza. Akawa anawafukuza watoto wasipige kelele uwanjani wakati ule.

Nilimaliza shule. Nikajifunza cherehani, nikapata mahali katika kibanda cha fundi mmoja kwenye barabara ya Riruta, nikishona sare za shule. Nilikuwa hodari wa kola. Kwa nje mtu angesema maisha yalikuwa yameendelea. Mama na mimi tuliishi vizuri, tuliongea mambo ya nyumba, lakini palikuwa na kitu kati yetu. Alinipikia, alinifulia nikiugua, alinipa kipande kikubwa cha samaki. Ila hakuwahi kunigusa. Tangu mazishi hakuwahi kuniwekea mkono begani. Nilijiambia kwamba huzuni ndivyo inavyowafanya watu.

Ilikuwa Jumapili, karibu miaka minne tangu dada afariki. Tulikuwa tumetoka ibadani, nami nilikuwa ndani nikipiga pasi. Nilimsikia shosho akimwuliza mtu anamtafuta nani, na mtu akajibu. Niliijua sauti kabla ya kuyasikia maneno. Pasi nikaisahau juu ya nguo mpaka ikatoa moshi.

Mama alitoka akasimama mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma yake, kwenye kivuli cha pazia. Mwenye duka alikuwa amekonda. Shati lake la kitenge lilimning'inia kama la kuazima. Mkononi alikuwa na mfuko wenye mkate na sukari, kama mgeni yeyote.

"Bwana asifiwe, mama," alisema.

Mama aliutazama mfuko ule, kisha akasema, "Asifiwe."

Yule mtu alieleza kwamba alimtafuta kwa muda mrefu, Kibera wakamwambia hawajui, mpaka akakutana na mama mmoja wa kanisa la zamani. Alisema amekuja kusema jambo moja, na baada ya hapo mama akitaka kumwitia vijana, na awaite. Mafuta yale aliletewa na dereva mmoja kwa bei ya chini. Hakuyachanganya yeye. Kwa miaka minne amekuwa akijiambia hivyo, kwamba hakuyachanganya yeye.

"Lakini nilinusa," alisema. "Siku ya kwanza tu nilipofungua pipa, nilinusa. Nikajua. Nikasema yataisha tu, hakuna kitu kitafanyika. Na mtoto wako nilimpimia mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

Shosho alikuwa ameacha maharagwe yake. Mlango mmoja upande wa pili ulifunguka kidogo, akautazama ukafungwa.

Mama alimwambia kwamba alimsamehe siku nyingi. Alimwambia anamwombea kila siku, yeye na mke wake na watoto, na akawataja watoto wale kwa majina, kutoka mkubwa hadi mdogo, bila kusita. Hapo ndipo yule mtu aliposhindwa kusimama. Alichuchumaa palepale uwanjani, akajifunika uso na mfuko ule wa mkate, akalia. Mke wake alikuwa amemwacha, alisema. Watoto wako kwao mashambani na hawamwandikii. Kisha akauliza kama anaweza kuingia ndani, amsalimie mzee wa nyumba.

"Hapana," mama alisema. "Ndani usiingie. Kusamehe nimekusamehe, lakini kiti cha kukupa bado sijakipata."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba unga umekwisha. Akamwambia amngoje hapohapo, akavua viatu, akashuka uwanjani, akamwombea akiwa amesimama mbele yake. Yalikuwa maombi mafupi, kwa Kiswahili chake kibovu, ili yule mtu aelewe. Yule mtu akaitikia amina. Akaacha mfuko kwenye ngazi na kuondoka, na sikumwona tena maishani. Baba alikuwa amelala wakati wote ule, au alijifanya. Jioni alikula mkate bila kuuliza ulitoka wapi.

Nilingoja mama arudi ndani. Nilimwuliza anawezaje kumtaja mtoto wa mtu yule kwa jina kila siku, na mtoto wake mwenyewe yuko Lang'ata. Nilimwambia mtu yule alimuua dada, amekiri mwenyewe, tumesikia sote.

"Hakuwa peke yake," mama alisema.

Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, anavaa viatu vyake tena. Akaniambia kwamba saa nane huwa anawaombea watu watatu. Ningekaa hata siku moja mpaka mwisho ningewasikia. Wa kwanza ni yule. Wa tatu ni yeye mwenyewe, kwa sababu alinusa chupa ile akaiweka chini. Hakumtaja wa pili, na hakuwa na haja.

Sikupanga kusema. Nilijikuta nimekaa sakafuni nikimweleza habari ya Highrise, televisheni, rafiki yangu, jinsi dada alivyoomba kuja nami na uwongo niliomwambia. Nilisema sikuwa kwenye maji. Nilisema yote kwa mara moja, kwa Kijaluo, lugha ambayo nilikuwa sijaitumia vizuri kwa muda mrefu, na nikakwama mara nyingi nikitafuta maneno.

"Najua," mama alisema. "Mtungi ulikuwa ndani. Niliukuta umeyeyuka."

Tulikuwa na mtungi mmoja tu wa maji, wa plastiki, na bila huo hakuna aliyepanga foleni. Katika miaka minne yote ile hilo halikuwahi kunijia akilini. Aliporudi kuchukua nguo, siku aliponiuliza nilikuwa wapi nikamwambia kwenye foleni, mtungi ulikuwa pale nyuma yangu, umejikunja kama mfuko.

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akaniambia aliogopa. Angesema siku zile angesema jambo ambalo mama hawezi kulirudisha. Kwa hiyo akaamua kumwambia Mungu kwanza mpaka hasira ishuke, na hasira haikushuka kama alivyotegemea.

"Yule wa duka alikuwa rahisi," alisema. "Simwoni. Wewe nilikuwa nakupikia."

Tulikaa vile mpaka jua likaondoka mlangoni. Hakunikumbatia. Nilingoja anikumbatie na hakunikumbatia, na nadhani wote wawili tulijua kwamba bado haiwezekani. Baadaye aliniambia nikaoshe uso nimpelekee shosho kikombe cha sukari.

Habari za ploti hazikai ndani. Baada ya wiki chache mchungaji wetu wa Kawangware, kijana mwenye moyo mzuri, alimwendea mama akamwomba asimame siku ya mkutano wa kina mama atoe ushuhuda, watu wajifunze kusamehe. Mama alikataa. Mchungaji akambembeleza, akasema ni utukufu kwa Mungu. Mama akamwambia ushuhuda ni wa mambo yaliyokwisha, na hili lake halijakwisha. Mchungaji hakuelewa, au alielewa akaona haya. Alituombea akaenda zake.

Mama alipofunga mlango hakurudi kwenye kazi zake. Alikaa. Akaniambia kuna jambo moja limebaki, na kwamba alishindwa kumjibu vizuri mchungaji kwa sababu ya jambo hilo. Aliniomba nimsikilize mpaka mwisho kabla sijasema kitu.

Siku ya tatu hospitalini, alisema, siku ile niliyokuja na baba, dada yangu alikuwa na fahamu. Sauti ilikuwa imekwisha na mama alilazimika kuinama ili asikie. Aliuliza kama mimi nimekuja. Mama alimwambia niko mlangoni. Akasema niambiwe nisiogope. Akasema, "Usimchape dada. Mimi ndiye nilitaka kupika."

Mama alimwahidi kwamba ataniambia. Aligeuka kuniita na hakunikuta pale mlangoni. Angeweza kuniambia jioni ile, au baada ya mazishi, au siku yoyote katika siku zote zile. Hakutaka. Alisema wazi kwamba hakutaka. Aliona kwamba nikipewa maneno yale nitapona upesi, na yeye hakuwa tayari mimi nipone. Aliyaweka. Kila siku saa nane alimwomba Mungu amsamehe kwa kuyaweka, na kila siku alipoinuka alikuwa bado ameyaweka.

"Kwa hiyo wewe pia una mtu wa kumsamehe," aliniambia. "Na si yule wa duka."

Ningependa kuandika kwamba nilimsamehe palepale, tukalia pamoja. Haikuwa hivyo. Nilichukua mkoba wangu nikaenda kukaa na msichana tuliyeshona naye, Riruta, na nilikaa huko karibu miezi miwili. Nilimwona mama njiani na ndoo yake nikavuka barabara. Nilihesabu kwamba yule mtu alituuzia mafuta mabaya bila kutujua undani wetu, bali mama alinijua, alinisikia nikilia, na alikuwa na dawa mkononi akaifumbata. Niliposhona, maneno ya dada yalikuja na kila mshono, na sikujua nimlilie dada au nimkasirikie aliyeyaficha.

Siku moja nikiwa kwenye cherehani nilijaribu kumwombea mama. Nilifanya hivyo kwa sababu nilikuwa nimechoka kuvuka barabara. Sikuwa mtu wa maombi, na maneno niliyokuwa nayo yalikuwa machache. Nilisema jina lake. Nikaomba asiumwe mgongo kwa kubeba ile ndoo. Hayo tu. Kesho yake nikaomba hilohilo la mgongo. Sikuhisi joto wala amani kama wanavyosimulia watu. Ila siku moja nilimwona ng'ambo akisimama kupumzika, ameshika kiuno, na miguu yangu ikaenda upande wake badala ya upande mwingine. Nilimpokea ndoo. Tulitembea mpaka nyumbani bila kuongea habari yoyote ya maana. Aliniuliza kama huko Riruta wanapika vizuri. Nikamwambia hapana.

Tuliishi pamoja miaka mingine mingi, hadi aliporudi nyumbani kwenye Ziwa akazeekee huko na baba. Mkono wake begani mwangu ulirudi polepole, sikumbuki siku hasa. Yule wa duka tulisikia kwamba alifariki kwao, na siku habari ilipofika mama alipiga magoti saa nane kama kawaida, na alipoinuka akasema atawaombea watoto peke yao sasa. Baba alisikia, na kwa mara ya kwanza habari za mtu yule zilipotajwa hakutoka nje.

Mimi sasa ni mtu mzima na nina watoto wa kuwaambia wasiguse moto. Maneno ya dada yangu ninayo, na yalinifikia yakiwa yamechelewa miaka minne. Kuna siku yananifariji. Kuna siku yananiuma kuliko kama angesema nichapwe, kwa sababu alikuwa mtoto wa miaka tisa, hana ngozi, na bado alikuwa akifikiria kuniokoa nisigombezwe. Siku kama hizo huwa naweka kazi chini, nikawaombea wote, hata wale waliokwisha kufa. Nikimaliza huwa bado nina huzuni. Nimeacha kuishangaa.